Marimba ya Wagogo katika Sauti Isiyopunguzwa

Muziki wa Wagogo wa uwanda wa kati wa Tanzania umekuwa ukirekodiwa angalau tangu mwaka 1950, na katika miaka hiyo umepita kwenye santuri, kanda, CD na memori kadi za simu. Sasa rekodi zake nyingi muhimu, na hasa albamu za Hukwe Zawose, zinaweza kusikilizwa katika faili ambalo halikupunguziwa chochote tangu lilipotoka studio. Kwa nyimbo nyingi za redioni, tofauti kati ya faili kamili na faili lililobanwa vizuri ni ndogo, na mabishano juu yake hayaishi. Kwa marimba na zeze la Wagogo jambo ni jingine. Kinachoumia kwanza faili linapobanwa sana ndicho ambacho mafundi wa Ugogoni hukitafuta kwa makusudi wanapotengeneza ala zao.

Ala yenyewe inaeleza mengi. Ilimba, ambayo wengi huiita marimba ya mkono, ni kisanduku cha mbao chenye uwazi ndani, na juu yake zimepangwa funguo za chuma za urefu mbalimbali. Mpigaji huzibonyeza na kuziachia kwa vidole. Ala za aina hii zipo kuanzia Zimbabwe mpaka Kongo, lakini ile ya Wagogo huwa kubwa, na baadhi ya funguo zake hazipigwi kabisa. Zimewekwa hapo zitetemeke zenyewe wakati nyingine zikipigwa, na kila noti inapotoka huacha nyuma yake mvumo laini unaodumu. Kisanduku kimetobolewa, na tundu hufunikwa kwa utando mwembamba wa buibui, ule anaofunikia mayai yake. Kisanduku kikitikisika kwa sauti, utando nao hutetemeka, na noti hutoka ikiwa imevikwa mkwaruzo mwembamba unaopanda juu sana ya noti yenyewe. Asiyeuzoea muziki huu hudhani spika imepasuka. Kwa Mgogo, marimba bila mkwaruzo huo haijakamilika, na utando ukichanika hutafutwa mwingine.

Zeze lina tabia hiyohiyo kwa njia yake. Upinde unaposugua nyuzi zilizofungwa juu ya kibuyu, sauti ya msuguano husikika pamoja na noti, na mpigaji hodari haifichi. Ongeza njuga za miguuni, kayamba, na ngoma za muheme ambazo hupigwa na wanawake wakiwa wamezibana kati ya mapaja. Hapo kuna sauti nyingi zinazoanza kwa kishindo na kumalizika kwa mchakacho. Huu ni muziki ambao kelele ya ala ni sehemu ya utunzi.

Juu ya ala hizo huja waimbaji, na uimbaji wa Wagogo una mpangilio ambao umewavuta wataalamu kutoka mbali, akiwamo Gerhard Kubik wa Austria na Polo Vallejo wa Hispania. Sauti yoyote ya asili, iwe ya uzi au ya koo, haitoki ikiwa moja. Uzi unaotetemeka mara 100 kwa sekunde hutoa ndani yake pia mitetemo ya 200, 300, 400 na kuendelea, kila mmoja ukiwa hafifu au wenye nguvu kwa kadiri yake. Ngazi ya noti za Wagogo imejengwa juu ya mitetemo hiyo ya asili, kuanzia ule wa nne hadi wa tisa. Kwa mfano huohuo ni 400, 500, 600, 700, 800 na 900. Piano haina noti ya 700 katika mpangilio huu, maana iliyo karibu zaidi nayo hutetemeka takribani mara 713, na sikio lolote husikia kwamba hizo si noti moja. Kwa sababu hiyo kwaya inayofuata kinanda haiwezi kuimba wimbo wa Kigogo ukabaki wa Kigogo. Waimbaji wa Ugogoni wakishika noti zao sawasawa, mitetemo ya koo moja hukutana kabisa na mitetemo ya koo jingine, nayo ya koo hukutana na ya marimba. Hewa hujaa mng'ao ambao hakuna mwimbaji mmoja anayeutoa peke yake.

Kinachotokea sauti hiyo inapoingizwa kwenye kompyuta si kigumu kueleza. Kwa kipimo cha CD, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1982, mawimbi ya sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Hesabu hiyo inaleta biti 1,411,200 kwa sekunde, au karibu megabaiti 10 na nusu kwa dakika. Vipimo 44,100 vinatosha kubeba sauti zote hadi mitetemo 22,050 kwa sekunde, na sikio la binadamu, hata la mtoto, hukomea karibu na 20,000. Biti 16 nazo zinabeba tofauti ya takribani desibeli 96 kati ya mnong'ono na mlio mkubwa kabisa. Mafaili ya studio ya biti 24 yana nafasi kubwa zaidi, nayo humfaa fundi anayechanganya sauti kuliko msikilizaji aliyekaa nyumbani. Kwa kusikiliza tu, kipimo cha CD kinatosha.

Tatizo ni ukubwa. Albamu ya saa moja kwa kipimo hicho hufikia megabaiti 635, mzigo usiobebeka kwa intaneti ya miaka ya 1990. Wahandisi wa Taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, pamoja na wenzao, walitengeneza MP3, ambayo kwa kilobiti 128 kwa sekunde hupunguza mzigo huo mara 11. Hutumia udhaifu wa sikio: sauti kubwa ikilia, sauti ndogo iliyo karibu nayo haisikiki vizuri, basi programu huikadiria kijujuu au huitupa. Faili la namna hii ni unga wa sembe, unaopikika haraka na kushibisha wengi, lakini pumba zilizotoka kwenye kinu hazirudi, hata unga huo ukitiwa kwenye gunia jipya.

FLAC, iliyokamilika mwaka 2001, inafuata njia nyingine. Haitupi kitu. Inakadiria kila namba kutokana na zilizotangulia na kuandika kwa ufupi tofauti iliyobaki, na faili linapofunguliwa namba zote hurudi kama zilivyokuwa, moja baada ya nyingine. Wimbo hupungua hadi kama nusu au theluthi mbili ya ukubwa wake, kutegemea aina ya muziki. Muziki wenye mikwaruzo mingi hubanika kidogo tu, kwa kuwa mkwaruzo hautabiriki. Kampuni ya Apple ina faili lake la aina hiyohiyo, ALAC. Kwa sauti itokayo spikani, FLAC, ALAC na CD yenyewe hazitofautiani hata kidogo.

Marimba ya Wagogo huipa MP3 kazi ngumu kwa sababu mbili zinazokutana. MP3 hukata sauti vipande vifupi vya vipimo 1,152, yaani karibu milisekunde 26 kila kimoja, na makosa ya kukadiria husambaa katika kipande kizima. Ufunguo wa marimba ukipigwa katikati ya kipande, sehemu ya makosa hayo huja kabla ya pigo lenyewe. Sikio husikia ukungu mdogo unaotangulia noti, na ncha kali ya pigo inakuwa butu. Programu nzuri hupunguza kasoro hii kwa kutumia vipande vifupi zaidi, lakini hilo hugharimu biti, na kwenye kilobiti 128 biti ni haba. Wakati huohuo kuna mkwaruzo wa utando wa buibui. Sauti inayofanana na kelele haina umbo ambalo programu inaweza kulitabiri, kwa hiyo hudai biti nyingi, na biti zikikosekana hugeuka kuwa mlio wa majimaji unaozungukazunguka. Mashabiki wa muziki huutambua mlio huo hasa kwenye matoazi ya ngoma za kizungu. Kwenye marimba upo karibu kila noti.

Haki inadai jambo moja lisemwe pia. MP3 haibadilishi kimo cha noti. Ile 700 ya Wagogo inabaki 700. Na faili la kilobiti 320 likitengenezwa kwa programu nzuri, wasikilizaji wengi hawalitofautishi na CD, hata kwa marimba. Uharibifu unaosikika wazi uko chini zaidi: kwenye nyimbo za kilobiti 128 au 96 zinazopita kutoka simu moja hadi nyingine, na hasa zile zilizobanwa mara ya pili na ya tatu juu ya zilizobanwa tayari. Rekodi nyingi za ngoma za asili zinazozunguka mitaani ziko katika hali hiyo.

Albamu zenyewe hazilingani, na kuzisikiliza katika faili kamili hakuleti faida moja kwa zote. Rekodi za Hugh Tracey za mwaka 1950, alipozunguka Tanganyika akikusanya muziki wa Wagogo, Wanyamwezi, Wahaya na wengine, ni za sauti ya upande mmoja, na vifaa vyake havikuweza kunasa kila kitu cha juu. Leo zinatunzwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954, iliyoko Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Kuziweka kwenye FLAC hakuziongezei kitu ambacho kifaa hakikukinasa. Faida ni kwamba kilichopo hakipungui tena, na kwa rekodi yenye kelele za kale hilo si dogo, kwa kuwa programu ya kubana hutumia biti zake kwenye kelele na kuuacha wimbo ukiwa na njaa.

Hukwe Zawose alikuja baadaye. Alizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 katika kijiji cha Nzali, katika eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Chamwino, na katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam akapige muziki wa nyumbani kwao mbele ya taifa. Kisha alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na kuishi huko mpaka alipofariki Desemba 2003. Mwaka 1985 yeye na wenzake walitoa santuri ya Tanzania Yetu kupitia kampuni ndogo ya London, Triple Earth, na nyingine ikafuata kwa jina la Mateso. Zilikuwa rekodi rahisi zenye watu wachache karibu na maikrofoni. Urahisi huo ndio uliozihifadhi, kwa kuwa hakuna aliyejaribu kusafisha mkwaruzo wa marimba.

Mlango mkubwa zaidi ulifunguliwa na mtu wa muziki wa roki. Peter Gabriel, aliyeimba na bendi ya Genesis hadi mwaka 1975, alishiriki kuanzisha tamasha la WOMAD mwaka 1982, na mwaka 1989 akaanzisha lebo ya Real World, ambayo studio yake iko katika kijiji cha Box, kusini magharibi mwa Uingereza. Chini ya lebo hiyo ilitoka Chibite mwaka 1996, na hii ndiyo albamu ya kuanza nayo kwa anayetaka kujua faili kamili lina maana gani. Nafasi kati ya sauti ni pana. Mvumo wa funguo zisizopigwa husikika hadi mwisho wake, na sauti ya Hukwe inaposhuka kooni na kupanda ghafla, hewa iliyo kati ya mwimbaji na maikrofoni inasikika pia. Mwaka 2008 studio hiyohiyo iliungana na watengenezaji wa spika wa Bowers & Wilkins kuuza albamu katika mafaili kamili, wakati maduka mengi ya intaneti yakiuza yaliyobanwa tu. Baadhi ya huduma kubwa za kulipia kwa mwezi zilichelewa sana: Apple Music ilianza kutoa sauti isiyopunguzwa mwaka 2021, na Spotify ikafuata mwaka 2025.

Albamu ya Assembly, ambayo Hukwe aliifanya na Michael Brook wa Kanada, ni kazi ya namna nyingine. Ndani yake marimba inakaa pamoja na gitaa la umeme na mitambo ya studio, na sehemu ya mkwaruzo imemezwa na ala hizo kabla faili halijabanwa hata mara moja. Uhamiaji ya mwanawe Msafiri Zawose, ya mwaka 2017, nayo imejengwa na midundo ya mashine. Albamu hizi mbili ni nzuri kwa sababu zake, ila anayezinunua kwa FLAC akitegemea kusikia utando wa buibui atasubiri sana. Maisha ya The Zawose Queens, iliyotoka mwaka 2024, imerudi kwenye uwazi. Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wanaongoza uimbaji na upigaji katika ukoo ambao zamani wanawake walisimama nyuma. Sehemu kubwa ilirekodiwa nje, na sauti ya mahali iliachwa iingie. Hiyo nayo ni sauti hafifu ambayo kibanio huitoa mapema.

Faili kamili peke yake halitoshi. Hedifoni nyingi za Bluetooth hubana sauti upya kabla ya kuifikisha sikioni, kwa hiyo FLAC iliyopita humo huwa haiko kamili tena. Hedifoni ya waya ya bei ya kawaida, ikiwa inaziba sikio vizuri, huonyesha zaidi. Sabufa inayopendwa majumbani haisaidii hapa, maana inakuza chini wakati kinachotafutwa kiko juu. Wakati nao una neno lake: ndani ya daladala linaloelekea Chamwino, au kwenye bajaji katikati ya mji, kelele za injini hufunika kila kitu ambacho FLAC iliokoa, na hapo MP3 ya ukubwa wa wastani inatosha kabisa. Upepo wa Dodoma ukitulia usiku na madirisha yakifungwa, tofauti huanza kusikika. Anayejali bando lake hupakua albamu mara moja kwenye intaneti ya ofisini au chuoni na kuihifadhi, badala ya kuivuta upya kila anapoisikiliza.

Jaribio la kweli ni rahisi. Wimbo mmoja kutoka kwenye FLAC hubadilishwa kuwa MP3 ya kilobiti 128, sauti zote mbili hulinganishwa ukubwa, na mtu mwingine huzicheza bila kusema ipi ni ipi. Asiyeweza kuzitambua baada ya kurudia mara nyingi hana haja ya kulipia zaidi, na hakuna aibu. Mwenye kuzitambua karibu kila mara hutumia mahali palepale: mwanzo wa pigo la marimba, na mkia wa mvumo baada yake. Wanunuzi wanapaswa pia kujihadhari na FLAC za uongo zilizotengenezwa kutoka kwenye MP3. Programu za bure zinazochora mitetemo ya sauti kutoka ya chini hadi ya juu huzifichua, kwani faili la kilobiti 128 kwa kawaida hukatika ghafla karibu na mitetemo 16,000 na kuacha weusi juu yake.

Uzito mkubwa zaidi wa suala hili hauko kwa msikilizaji mwenye hedifoni nzuri. Uko kwa wanaorekodi leo. Kila mwaka vikundi vya ngoma kutoka vijiji vya Ugogoni hukutana Chamwino katika tamasha la muziki wa Kigogo, na mamia ya simu huinuliwa juu. Programu za kurekodia za simu nyingi hubana sauti papo hapo, hupunguza pigo kubwa na kukuza dogo zenyewe, na huchuja kile zinachodhani ni kelele. Kwa marimba, kelele hiyo ni marimba. WhatsApp nayo hubana tena sauti na video inayotumwa kwa njia ya kawaida. Mzee akifariki na nakala pekee ya wimbo wake ikiwa ni hiyo, hakuna mtambo wa kuirudisha katika hali yake.

Dawa yake haina gharama kubwa. Programu za bure za kurekodi kwa WAV au FLAC zipo kwa simu za kawaida, na nyingi zinaruhusu kuzima uchujaji na ukuzaji wa moja kwa moja. Dakika kumi za WAV huchukua kama megabaiti 106, nafasi ambayo memori kadi ya bei nafuu hubeba mara mamia. Faili likitumwa WhatsApp kama hati, badala ya kama sauti, hufika bila kubanwa. Walimu wa muziki, vijana wa vikundi vya ngoma na watangazaji wanaokwenda vijijini wanaombwa waitunze nakala ya kwanza ikiwa kamili, waandike jina la mwimbaji, kijiji na tarehe, na MP3 ya kusambaza waitengeneze kutoka kwenye nakala hiyo, kamwe si kinyume chake.